Masika Tuliyocheza Mabosi

Jumatatu, 2 Machi

Mikono haijui kukaa. Tangu asubuhi nimeosha vyombo vilivyokuwa safi na kukunja nguo zilizokuwa zimekunjwa, mpaka mama mkwe akaniambia nikiugusa tena mto anaoukalia atahamia kwa jirani.

Kiwanda kimezima mashine za upande wetu hadi mvua ziishe. Mvua zikianza watu wanataka mabuti, kandambili hazina mnunuzi, na sisi wanawake wa kupachika mikanda tunarudishwa nyumbani. Kila mwaka ni hivyo. Meneja anaita "mapumziko". Aliyelibuni neno hilo hakuwa kibarua.

Mume wangu yeye hajarudishwa. Ni fundi wa mitambo, ana mkataba wa kudumu, na masika ndiyo wakati wake wa kufungua mashine na kuzitia grisi. Kiwanda kizima kinamwita Fundi. Na mimi pia, tukiwa sawa. Tukikosana namwita Baba Watoto.

Nimeokota daftari la binti yetu la mwaka jana, kurasa nyingi tupu. Nitaandika humu ili mikono itulie.

Jumatano, 4 Machi

Mvua kutwa. Nimeshona kifungo kimoja.

Ijumaa, 6 Machi

Spika amekuja amelowa chapachapa, na alianza kuongea kabla hajavuka kizingiti. Jina hilo tulimpa sisi wenzake kwenye laini, kwa sababu sauti yake inaishinda mashine ya kukatia raba. Ndiyo maana tulimchagua mwenyekiti wa kamati ya vibarua.

Alikuwa na habari mbili. Ya kwanza, watu wa filamu wamekodi upande wetu wa kiwanda kwa masika yote. Filamu inahusu wafanyakazi wanaogoma, na wanatafuta watu wa kuigiza. Ya pili, Meneja amesema mvua zikiisha wataitwa kazini nusu ya vibarua tu.

"Nusu ipi?" nikamuuliza.

"Hataki kusema. Nimeomba kamati ikutane naye, anasema tukutane baada ya mvua. Baada ya mvua tutakutana getini, yeye ndani, sisi nje."

Nikampa kitambaa ajifute. Mama mkwe akadakia kutoka kwenye kiti chake. "Hiyo filamu ina nyumba nzuri ndani yake?"

Mama mkwe ni mtu wa filamu. Kila jioni yuko mbele ya televisheni, na katika kila filamu anamuunga mkono tajiri. Mwizi akiingia kwa tajiri, anamwombea tajiri. Wafanyakazi wakimpigia kelele tajiri, anauliza, "Huyu baba wa watu mbona wanamwonea?" Naye alipachika mikanda kiwanda hikihiki mpaka vidole vikamgoma.

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimecheka mpaka mbavu zimeniuma, na nimepata kazi ambayo sikuiomba.

Tulikwenda kuchaguliwa. Mtu akisikia kamera anavaa vizuri, hiyo haihitaji kufundishwa. Kila mtu alitoa nguo ya sanduku. Spika alivaa gauni la kijani lenye mabega. Fundi, ambaye aliomba ruhusa ya saa moja kuja kututazama, alivaa suti yetu ya harusi. Bado inafungika, ila akishaifunga asivute pumzi.

Mwongozaji wa filamu ni mwanamke, kijana kuliko mimi, miwani, sauti ya chini, mabuti yamejaa tope. Alipita mbele ya mstari wetu, akarudi, akapita tena.

"Nyinyi ni wafanyakazi wa hapa kweli?"

"Wa hapahapa," Spika akajibu.

"Nilidhani mtakuwa..." akatafuta neno la heshima. "Mmechoka zaidi."

"Tuko mapumziko, dada."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Mwongozaji naye akatabasamu, lakini hakubadili mawazo. Alisema kwenye picha mtazamaji anatakiwa aelewe kwa kupepesa jicho mara moja, na sisi hatufanani na wafanyakazi. Wafanyakazi wangeletwa kwa basi kutoka chuo cha uigizaji na kupakwa mafuta ya mashine usoni.

Tulishaanza kugeuka, ndipo akamwona Fundi. Mrefu, mvi kidogo pembeni mwa kichwa, tumbo linalojieleza. Akamzunguka polepole.

"Wewe utakuwa mwenye kiwanda."

Fundi akanitazama kama mtu aliyeitwa polisi. Nikamshika mkono. Mwongozaji akaona ule mkono, akasema, "Na wewe mke wake."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Spika na wengine kadhaa wakawa wajumbe wa bodi. Waliobaki wakawa wageni kwenye sherehe ya tajiri. Kwa hiyo hivi sasa, katika filamu ya wafanyakazi wa kiwanda, wafanyakazi wa kiwanda wote ni mabosi.

Alhamisi, 12 Machi

Nimepewa mkufu wa lulu za plastiki na jino linaloniuma. Jino liko kwenye mswada: mke wa tajiri anaumwa jino, na tajiri anamhurumia.

Jumanne, 17 Machi

Wafanyakazi wa kuigiza wamefika. Ni watoto wazuri, wana adabu. Wanapakwa mafuta kila asubuhi na kila jioni wanaoga kwa taabu, maana maji ya bomba ni baridi na mafuta yale hayatoki. Spika amewaonesha kujisugua kwa majivu.

Leo tulitazama wakirekodi. Shujaa wa filamu ni kijana wa mjini ambaye kila kipande anavaa shati jeupe, na mvua haimloweshi. Sisi tumempa jina hilohilo, Shati Jeupe. Alipanda juu ya makasha akawahutubia.

"Jasho lenu ndilo linalomnenepesha."

"Kumbe," wakasema wote kwa pamoja, macho yamewatoka.

"Bila nyinyi mashine hizi hazizunguki."

"Kumbe."

Spika akaniinamia sikioni. "Walidhani zinazunguka kwa upepo?"

Nilicheka mpaka lulu zikagongana, na kijana wa sauti akatugeukia akaweka kidole mdomoni. Ikabidi warudie kwa sababu yetu. Wakarudia, na "kumbe" ya pili ilikuwa na mshangao mkubwa kuliko ya kwanza. Tukakimbilia nje tusije tukawaharibia tena.

Jumapili, 22 Machi

Nimegombana na mume wangu mbele ya chai.

Nilimuuliza swali dogo tu. Wakituacha nje nusu, nyinyi wenye mikataba mtasema neno? Akakoroga chai isiyo na sukari.

"Mimi nina mkataba. Wewe huna. Nikipoteza wangu, hii nyumba itasimama na nini?"

"Sikukuambia uupoteze. Nimeuliza kama utasema neno."

"Neno moja linatosha kuupoteza."

Anachosema ni kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Nimemwita Baba Watoto tangu asubuhi.

Jumatatu, 23 Machi

Baba Watoto ameniigizia mapenzi mbele ya kamera, ameniuliza jino likoje. Nimemjibu kama ilivyoandikwa. Mwongozaji ametusifu, amesema leo tumeonekana kama watu waliooana miaka mingi.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua ya leo ilikuwa ya kutobolea mabati. Kazi ikasimama. Nilijibanza kwenye kibaraza cha stoo, na pale pale akaja Mwongozaji, amekumbatia kamera ndani ya koti lake, yeye mwenyewe amelowa mpaka soksi.

Nilimwona mtu wa kujisikia tangu ile siku ya mstari. Nikaona basi nimuulize.

"Dada, hawa wafanyakazi wa kwenye filamu wanakula wapi?"

"Wanakula?"

"Mimi nina kitanda, nina bustani, nina jino. Mume wangu ana hofu zake na mbwa wake. Wao wana mafuta usoni tu. Mama mkwe wangu anawapenda matajiri wa filamu, na mimi nilidhani ni uzee. Sasa nimecheza tajiri ndiyo nikaelewa. Tajiri peke yake ndiye anayeoneshwa akinywa chai. Ukishamwona mtu akinywa chai unamjua. Wale wengine unawasikia wakipiga kelele tu, utawapendaje?"

Hakukasirika. Alifuta miwani kwa kitu kilicholowa zaidi ya miwani.

"Filamu ni fupi," akasema. "Watakaotazama wengi hawajawahi kuingia kiwandani. Asipokuwepo mtu wa kueleza, hawataelewa."

"Sisi hatukuelezwa na mtu juu ya kasha. Tulijua huku tunacheka."

Nikamsimulia. Mwaka juzi Meneja alitoa zawadi kwa kibarua bora wa msimu. Zawadi ilikuwa mwavuli, na siku aliyoitoa ndiyo siku aliyoturudisha wote nyumbani, mvua inamwagika. Kibarua bora akaufungua pale pale getini, tukajibana chini yake wanawake wengi kuliko mwavuli, tukaenda hivyo mpaka kituoni tumekufa kwa kicheko. Kituoni kicheko kikakatika, tukatazamana. Hatukupanda basi mpaka tulipokwisha kuchagua kamati.

Naye alicheka, kisha akairudisha miwani usoni. "Nitakwambia ninachoogopa," akasema. "Nikiwaonesha mnacheka, mwenye kiwanda ataniambia, si unaona wana raha? Wana shida gani?"

Mvua ikapungua, akafunga koti juu ya kamera kama mtu aliyebeba mtoto, akakimbia. Nimefika nyumbani bado nalichekecha. Ana haki ya kuogopa. Lakini hata mimi nina haki.

Ijumaa, 27 Machi

Mama mkwe anataka kujua bustani yangu ina maua ya rangi gani. Nimemwambia bado hatujaoneshwa.

Jumatano, 1 Aprili

Shati Jeupe anakula nasi mchana siku hizi. Kumbe ni mtu wa utani, na kwao wao ni saba kwenye vyumba viwili. Amemwomba Spika amfundishe kupaza sauti bila kukwaruza koo. Spika amemwambia azae kwanza.

Jumamosi, 4 Aprili

Mwongozaji ametuita asubuhi, sisi wa mikanda peke yetu. Ametuambia tuvue lulu, tuvae aproni zetu, tukae pale tunapokula siku zote, kwenye magunia ya mabaki ya raba nyuma ya mashine. Tule. Tuongee tutakacho. Waigizaji wa chuo wakachanganyika nasi, hawajapakwa mafuta.

Mwanzo tulikuwa kama tuko msibani. Kila mtu anatafuna kwa adabu, anatazama mkate wake. Binti mmoja wa chuo akamuuliza Spika, "Niseme nini?"

"Omba chumvi," Spika akasema. "Halafu utajua mwenyewe."

Akaomba chumvi. Chumvi haikuwepo. Mmoja wetu akasema Meneja ameichukua nusu, na hapo ndimi zikafunguka.

"Mimi nimeshamwambia mume wangu ajiandae," Spika akasema. "Mvua zikiisha atabakiwa na nusu ya mke."

"Nusu ipi?"

"Ya chini itakuwa kazini. Ya juu itabaki nyumbani kuongea."

"Maskini," akasema mwingine. "Atapewa ile asiyoitaka."

Tukacheka, binti wa chuo akapaliwa, tukampiga mgongoni, tukacheka upya. Nilisahau kamera iko wapi. Ndipo yule mwenzetu tunayemwita Taratibu, kwa sababu mkono wake hauna haraka na bado anamaliza wa kwanza, akaweka kikombe chini. Yeye anajulikana kwa ubora wa kazi, na nusu yoyote itakayoitwa lazima yeye awemo. Hakupaza sauti.

"Mimi mkiitwa nusu, siji," akasema. "Nimewaza. Nikae pale nipachike mikanda, nikitazama kulia sioni mtu? Siji."

Hakuna aliyesema "kumbe". Kicheko kilijizima chenyewe, tukawa tunasikia mvua. Kisha mmoja akasema, na mimi siji. Mwingine akatikisa kichwa tu kukubali. Neno likazunguka magunia yote, mpaka likanifikia, na mimi nikasema siji, na nilikuwa nalisema kweli. Spika alikata mkate wake akampa Taratibu kipande kikubwa.

Mwongozaji alisimama nyuma ya kamera muda mrefu baada ya kijana wake kuizima.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Paa la jikoni limeanza kuvuja. Baba Watoto amepanda kuliziba. Nimemshikia ngazi.

Alhamisi, 16 Aprili

Nitaandika taratibu nisiruke kitu.

Leo ilikuwa zamu ya kipande kikubwa cha bodi. Kilirekodiwa katika chumba cha mikutano chenyewe cha kiwanda, chumba ambacho miaka yote tumekijua kwa nje. Meza ndefu ya kung'aa, viti vya ngozi. Tulikuwa tumevaa tukavaika. Spika na shanga zake, Taratibu na kofia yenye wavu, Fundi kichwa cha meza akiwa na saa ya mfukoni, mimi pembeni yake nimeshika shavu la jino. Katika kipande hiki bodi inajadili wagomaji, na mwenye kiwanda anatamka neno la mwisho: "Waondoeni wote."

Kabla hatujaanza, mlango ukafunguliwa, akaingia Meneja na mzee mmoja mwembamba mwenye sweta lililochakaa viwiko. Msichana wa chai alikuwa mgeni. Akampita yule mzee akaenda kumpa Fundi kikombe cha kwanza, na goti akakunja. Nikaona uso wa Meneja unabadilika rangi. Yule mwenye sweta ndiye Mwenye Kiwanda, mwenyewe. Haonekani hapa mara nyingi, na wengi wetu tulimjua kwa picha ya ofisini tu, ambamo ni kijana.

"Nimesikia kuna mtu ananiigiza," akasema. "Nimekuja kujitazama."

Akasimama ukutani. Mwongozaji akatoa ishara, kamera ikaanza. Bodi ikajadili. Spika akasema, kama ilivyoandikwa, kwamba wafanyakazi ni watu wasio na shukrani, na akalisema kwa ladha. Wote tukamgeukia Fundi. Fundi akatoa saa mfukoni, akaitazama, akasema kwa sauti nzito:

"Warudisheni wote."

Mwongozaji akasimamisha. "Waondoeni," akamkumbusha kwa upole.

"Waondoeni. Samahani. Nimeelewa."

Tukaanza upya. Saa ikatoka mfukoni.

"Warudisheni wote."

Nikabana midomo. Kofia ya Taratibu ilikuwa inatetemeka. Mara ya tatu Fundi alijikaza, jasho likimtiririka, akafika mpaka "Wao..." kisha ikatoka ileile: "Warudisheni wote." Hapo chumba kikapasuka. Wajumbe wa bodi tulilalia meza. Kijana wa sauti alivua vile vya masikioni. Na yule mzee kule ukutani naye alikuwa anacheka, mkono kifuani.

"Huyu bosi ana roho nzuri kuliko mimi," akasema. "Kwani hao wa kwenye filamu wamefanya nini?"

Spika akanyoosha shanga zake. Sikumwona akifikiri.

"Wa kwenye filamu wamegoma, mzee. Sisi hatujafanya kitu. Sisi ndio vibarua wako wa mikanda, na mmepanga kuturudisha kazini nusu tu."

Kicheko kilikwisha taratibu, kama maji ya bomba yanapokatwa. Mzee akatuangalia upya mmoja mmoja, lulu, kofia, mabega ya kijani, akawa anatafuta sura zetu ndani ya mavazi yale. Meneja akaanza kusema hapa si mahali pake.

"Mahali pake tumeomba, tukaambiwa baada ya mvua," Spika akasema. "Na wewe mzee huji kila siku. Karibu ukae."

Ila viti vyote vilikuwa vimekaliwa na bodi. Mzee akatazama huku na huku, akakaa juu ya sanduku la taa za filamu, magoti juu. Meneja akabaki amesimama.

Hakuwa mtu mbaya wala hakuwa mtu rahisi. Alisema mauzo yameshuka, na nusu ingetosha kwa kuanzia. Spika akamjibu kwamba mvua zikikatika tu maduka yote yanataka kandambili siku moja, na hilo analijua. Akasema hilo analijua, ila baadaye zinapungua. Wakaenda hivyo, wakarudi. Kisha Taratibu akavua ile kofia yenye wavu akaiweka mezani.

"Mzee, ukiita nusu, hatakuja hata mmoja. Na mimi simo kwenye watakaokuja."

"Wewe ni nani?"

Meneja ndiye aliyemjibu, kwa sauti ndogo. "Ni yule anayewafundisha wapya wote."

Mzee akazungusha macho kuzunguka meza. Kila aliyemtazama alitikisa kichwa kukubaliana na Taratibu. Akafika kwangu, nikatikisa. Akafika kichwa cha meza, kwa yule mtu mwenye mkataba wa kudumu, ambaye hakulazimika kusema chochote. Fundi alikuwa ameishika saa ya mfukoni kwa mikono miwili. Nilitazama meza. Sikutaka ajione anatazamwa na mimi.

"Mashine zote ziko wazi kule chini," Fundi akasema. "Nimezifungua mimi. Kuzifunga nahitaji kujua nazifungia watu wangapi. Nikijua ni wote, zitakuwa tayari siku mvua ikikatika. Nikijua ni nusu, mzee, sidhani kama nitakumbuka skrubu zinakaa wapi."

Alisema kwa adabu kabisa, na sauti ile nzito ya filamu ilikuwa imemwisha. Ilibaki yake, ya nyumbani. Nikatafuta goti lake chini ya meza, nikaweka mkono.

Chai ilipoa. Mazungumzo yaliendelea mpaka watu wa taa wakaomba ruhusa ya kwenda kula. Mwishowe ni hivi: tunarudi wote, na kila mmoja anapewa mkataba wa maandishi wa msimu mzima. Kulipwa wakati wa mvua amekataa, amesema hilo tulizungumze masika yajayo. Spika amemwambia tutalizungumza kabla ya masika. Mzee akainuka kwenye sanduku kwa shida, akashika kiuno, akasema viti vyake mwenyewe hajawahi kuvitamani kama leo.

Alipotoka, Mwongozaji akauliza kama bado tunaweza kufanya kazi. Tukakaa sawa. Fundi akatoa saa, akaitazama, akasema, "Waondoeni wote," mara moja tu, kwa ubaridi ulionisimamisha nywele.

Ijumaa, 17 Aprili

Wakati wa chai nimemuuliza kama jana alikosea kweli.

"Mara ya kwanza ulimi uliteleza," akasema.

"Na ya pili?"

"Ya pili ulishaijua njia."

Tangu jana namwita Fundi.

Jumamosi, 25 Aprili

Watu wa filamu wamefunga virago. Nilirudisha mkufu. Shati Jeupe amekumbatiana na kila mtu, na shati limekuwa na alama za grisi mgongo mzima. Mwongozaji ameniahidi ataileta tuione kabla haijatazamwa na mtu mwingine.

Jumanne, 5 Mei

Jua dakika chache. Majirani wote wameanika magodoro, halafu wote wameyaingiza mbio.

Jumamosi, 9 Mei

Ametimiza. Walitundika shuka jeupe kwenye ukumbi wa kufungashia, tukakaa juu ya makasha, na mama mkwe tukamletea kiti chake cha nyumbani.

Filamu ni nzuri kuliko nilivyotegemea, na bado ni filamu. Shati Jeupe bado anahutubia, ila "kumbe" imebaki moja, na tulipoisikia ukumbi mzima uliisema pamoja na waigizaji. Mimi naonekana vizuri. Jino limekatwa lote. Spika analaani wafanyakazi kwa ladha ileile, na wanawake wakampigia miluzi.

Kisha yakaja magunia. Hakukuwa na muziki wala hotuba, ni chumvi, na nusu ya mke, na binti anapaliwa, na ukumbi wote unacheka pamoja na sisi wa kwenye shuka. Halafu Taratibu anaweka kikombe chini. "Mimi mkiitwa nusu, siji." Ukumbi ukanyamaza mahali palepale tuliponyamaza siku ile. Nilimtafuta Mwongozaji. Alikuwa amesimama pembeni, anatutazama sisi, hatazami shuka. Nikajua lile alilokuwa analiogopa kibarazani limempungua. Kicheko hakikuwa kimeficha kitu.

Mama mkwe muda wote alikuwa anaisifia bustani. Kilipofika kipande cha bodi akajivuta mbele, kwa sababu mwanawe yuko kichwa cha meza na ana saa. Kwenye shuka Fundi akasema, "Waondoeni wote."

Mama mkwe akasimama. Sijamwona akisimama bila kushikwa mkono tangu mwaka jana.

"Wewe," akaliambia shuka. "Umekula kwa mikono ya hao. Uliowaondoa ni sisi."

Fundi mwenyewe, amekaa nyuma yake juu ya kasha, akasema, "Mama, ni filamu."

"Nyamaza, nazungumza na huyu."

Mwongozaji alizima mashine ya kuoneshea filamu kwa sababu hakuna aliyekuwa anasikia tena. Tulicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Alipoiwasha, mama mkwe alikataa kumtazama mwanawe hadi mwisho, yule wa kwenye shuka na yule wa kwenye kasha. Wa kasha alisamehewa jioni alipomletea maji ya kuoshea miguu.

Jumatano, 13 Mei

Hakuna mvua tangu Jumapili. Tope limeanza kupasuka. Nimetia saini mkataba, na nimeusoma wote kabla ya kutia, karani akisubiri.

Jumatatu, 18 Mei

Tumerudi. Wote.

Mashine zimefungwa vizuri, hazipigi kelele ya chuma, zinanguruma tu. Nilikaa mahali pangu, Taratibu kulia, Spika ng'ambo. Raba ilikuwa na ile harufu yake, na vidole vilikumbuka kazi kabla yangu: tundu, mkanda, vuta, geuza.

Kabla ya mchana Meneja alipita kati ya laini, mikono nyuma, kama kawaida yake. Watu wa filamu wakitaka kazi isimame wanasema "kata". Sijui nani alilisema. Lilitoka mahali fulani nyuma yangu, kwa sauti ya mzaha, siyo kubwa: "Kata."

Mikono yote ikasimama.

Hatukuwa tumepanga. Mikanda ilibaki hewani. Mtu wa swichi, kwa kufuata mkumbo, akaishusha swichi yake, na mashine zikazimika moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho. Miaka yote niliyofanya kazi humu sikuwahi kukisikia kiwanda kikinyamaza katikati ya kazi. Nilisikia ndege juu ya bati. Nilisikia viatu vya Meneja, hatua moja, kisha navyo vikasimama. Tulitazamana, kila mmoja akiwa ameshangaa kuliko mwenzake, na nikaona kwenye macho ya Spika kwamba hata yeye hakujua kama inawezekana, tena kirahisi namna ile.

Meneja akatazama laini yote. "Kuna tatizo?" akauliza.

"Hakuna, bosi," Taratibu akasema, bila haraka. "Tulikuwa tunajaribu tu."

Kisha akachukua mkanda wake, na sote tukachukua.